Mtoto Aliyepigwa Muhuri wa SIRI

Ting', ting', ting'.

Katika giza lile hapakuwa na sauti nyingine: kijiko kinakoroga chai ndani ya kikombe cha bati. Taratibu, bila haraka, kana kwamba mkorogaji yuko nyumbani kwake, kavua viatu, kakunja miguu.

Lakini hapakuwa nyumbani kwa mtu. Palikuwa masjala ya Ofisi ya Maji, chumba kisicho na dirisha hata moja, saa nne asubuhi, na umeme ulikuwa umekatika.

Kama wiki iliyopita ulibanwa na shughuli zako, jua hivi. Mwaka jana walikuja watu watatu na vichupa mtaani kwa huyu fundi wetu wa cherehani. Wakakinga maji ya bomba, wakalifunga bomba kwa mnyororo siku mbili, wakalifungua, wakaenda zao. Hawakumwambia mtu neno. Tangu siku hizo bintiye wa miaka minane, yule wanayemwita Chiriku, haumalizi mwezi bila kushikwa na tumbo. Fundi amekuja kuomba ripoti ya vile vichupa. Hataki kingine. Tulimwacha mbele ya meza ya karani. Karani kanyanyua muhuri ili augonge kwenye barua yake, mtoto kanyoosha shingo aone, taa zikazimika.

Pa!

"Mama!"

"Chiriku! Uko wapi?"

"Nipo hapahapa. Kuna kitu kimenigonga."

"Kimekugonga wapi?"

"Usoni."

Ting', ting', kijiko kikaendelea.

"Wewe baba," Fundi alisema huku akipapasa gizani, "mtoto kaumia, wewe unakoroga chai?"

"Sukari haijayeyuka, mama," sauti ya karani ilijibu. "Na gizani hakuna kazi nyingine ya ofisi ambayo mtu anaweza kuifanya bila kukosea."

Taa zikawaka.

Fundi alimgeuza bintiye, akamshika kidevu. Hakuona damu. Hakuona uvimbe. Aliona herufi nne za buluu katikati ya paji la uso, zimekaa ndani ya kisanduku chao, zimenyooka kama zimepigwa rula.

SIRI.

Karani, mzee wa sweta lenye viraka viwikoni, alivaa miwani yake, akazunguka meza, akausogelea uso wa mtoto mpaka pua zikakaribia kugusana.

"Haujapinda hata kidogo," alinong'ona. "Na ilikuwa gizani!"

"Ufute!"

"Nifute muhuri wa serikali?"

Fundi hakungoja. Alitema mate kwenye kitambaa, akasugua. Ngozi ya mtoto ikawa nyekundu, herufi zikazidi kung'aa.

"Usimchune mtoto bure," karani alisema. "Wino huu tuliagiza ule usiofutika. Panya wa humu ndani wanakula karatasi nzima, lakini wakifika kwenye muhuri wanauacha."

"Basi mgonge muhuri mwingine juu yake. Ule wa WAZI. Kanuni zenu zile pale ukutani, nimezisoma wakati nakungoja umalize kufunga vifungo vya sweta. Kila waraka utapigwa muhuri wa SIRI au wa WAZI."

Karani alishusha pumzi ndefu.

"Muhuri wa WAZI ulivunjika mpini. Mwaka wa nne huu."

"Si mngeomba mwingine?"

"Tuliomba! Niliandika barua kwa mkono wangu kwenda kwa mtu wa ugavi. Sasa barua haitoki humu bila muhuri, na muhuri uliobaki ni huu. Nikaugonga. Barua ikafika ugavi ikiwa siri. Yule bwana ni mwaminifu sana, hakuifungua. Mpaka leo ipo mezani kwake, naiona kila nikienda kuchemsha maji yangu ya chai."

Fundi aliitazama barua yake pale mezani.

"Kwa hiyo kila karatasi iliyopita humu miaka minne..."

"Ni siri. Zamu za kuosha vyoo, siri, ndiyo maana vyoo viko vile. Kadi za harusi ya mhasibu zilipita hapa, nazo siri. Hakwenda hata mtu mmoja. Nasikia bibi harusi alilia mpaka wanja ukafika shingoni."

"Na barua yangu ya kuomba ripoti, kama ungeigonga, nani angeisoma?"

"Hakuna," karani alikiri. "Lakini ingetunzwa vizuri mno."

Fundi alimshika bintiye mkono. Akili ya mama ilimwambia jambo moja: toka humu, nenda nyumbani, tafuta sabuni ya kufulia, utarudi kesho. Wakaivuka korido kwa hatua za haraka mpaka mlango mkubwa wa kutokea. Karani aliwafuata nyuma, kikombe mkononi.

Mlinzi alikuwa ameketi kwenye benchi lake na koti refu. Alimwangalia mama, akamwangalia mtoto. Akasimama. Akanyoosha mkono mlangoni.

"Nyaraka za siri hazitoki."

"Huyu ni mwanangu!"

"Sikatai, mama. Hata mimi naona mmefanana pua. Lakini wewe hujagongwa. Wewe pita."

"Nipite nimwache mtoto?"

"Hayo ni mambo ya kifamilia, mimi siingii."

Fundi alivuta kofia ya mtoto mpaka kwenye nyusi. Herufi zikapotea.

"Unaona sasa?" Mlinzi alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Unaficha siri. Hilo ni kosa jingine."

"Mama," Chiriku alisema, "nina kiu."

Ukutani, hatua mbili kutoka pale, palikuwa na bomba dogo lenye sinki jeupe, linalovuta maji kwenye bomba kuu lilelile la mtaa wao. Fundi alilifungua, akakinga maji kiganjani, akainama ampe mtoto.

"Usi...!"

Walipiga kelele pamoja, karani na mlinzi. Kisha wote wawili wakaanza kuangalia dari kana kwamba ndiyo kwanza imejengwa asubuhi ile.

Maji yalimvuja Fundi vidoleni.

"Usi nini?" aliuliza.

Akamgeukia karani.

"Baba karani. Usi nini?"

Mlinzi aliinama chini ya benchi, akatoa kidumu cha manjano, akajaza kifuniko, akampa mtoto bila kumtazama mama yake machoni. Ndipo Fundi alipoona. Chini ya meza ya mapokezi, kidumu. Nyuma ya mlango wa mhasibu, kidumu. Masjala, chini ya kiti cha karani, kidumu na kikombe chake. Ofisi nzima ya maji ilikuwa inakuja kazini na maji kutoka kwingine.

"Kwa nini hamnywi haya?"

"Ni mazoea tu," alisema mlinzi. "Niliyempokea zamu alikuwa na kidumu. Akaniachia koti, benchi na kidumu. Sikuuliza."

"Mimi kuna waraka uliletwa," karani alisema kwa sauti ndogo. "Una muhuri, kwa hiyo sikuusoma. Lakini tarishi aliyeuleta, siku ya pili alikuja kazini na kidumu. Nikajisemea, huyu amechungulia."

Fundi hakumfikiria Chiriku peke yake. Alimfikiria mdogo wake Chiriku, wa miezi minane, ambaye asubuhi ile alimwacha kwa jirani yake msusi, na kibuyu cha unga, na maelekezo: saa sita kamili, uji. Uji wa maji ya bomba. Saa ya ukutani ilisema saa tano kasorobo.

"Simu yangu," alisema. "Nipe simu yangu."

Mlinzi aliitoa kwenye sanduku la simu za wageni. Fundi alibonyeza kwa vidole vyenye maji.

"Ndugu yangu, usimpe mtoto maji ya bomba."

"Kuna nini?" Msusi alikuwa ameuma kitana mdomoni, ilisikika. "Umeambiwa nini huko?"

"Sijaambiwa kitu."

"Hujaambiwa kitu?"

"Wamepiga kelele tu, kisha wakatazama dari."

"Fundi, mwenzangu, umekunywa chai asubuhi?"

"Nakusihi."

"Sikiliza. Nina wateja watatu hapa, wote tunatumia bomba hilohilo, na mimi natumia kuoshea vichwa vyao. Nikisimama sasa hivi niseme maji mabaya, nani kasema? Dari? Na huyu mtoto nimpe nini, nimkamulie jiwe? Niletee neno la mtu. Mstari mmoja tu. Kabla ya saa sita."

Simu ikakatika.

Hapo ndipo mlango wa ofisi ya pembeni ulipofunguka, akatoka mama mmoja aliyevaa fulana nyeupe juu ya nguo za kazini. Kifuani iliandikwa HAKI YAKO KUJUA. Mkononi alikuwa na bahasha na kamera.

"Mwananchi!" alisema kwa furaha iliyotaka kulia. "Huyu ni mwananchi? Jamani, siku nne hizi natafuta mwananchi!"

"Ni Afisa Taarifa wetu," karani alieleza. "Hii ni wiki yake. Wanahamasisha haki ya wananchi kupata taarifa."

"Na hatujapata hata mmoja wa kumpa," Afisa alisema. "Wote wanaishia getini. Shika hapa, dada. Shika bahasha, mimi nashika upande huu. Tabasamu. Mlinzi, bonyeza."

Mwanga uliwamulika. Fundi aliivuta bahasha, akaichana papo hapo. Ndani kulikuwa na karatasi moja nyeupe isiyo na neno, pande zote mbili.

"Hii ni nini?"

"Ni mfano wa taarifa," Afisa alisema bila aibu yoyote. "Yenyewe haiwezekani, lakini kwenye picha haionekani tofauti."

"Mimi nataka ripoti ya maji ya mtaa wetu. Ile ya vile vichupa."

"Dada yangu mpenzi, ninakuunga mkono kwa moyo wangu wote. Nimelia nikiandaa hotuba ya haki yako hiyo. Lakini mimi ni Afisa Taarifa, kuhamasisha ndiyo kazi yangu. Kibali cha kuziona sina."

"Hujawahi kuingia chumba cha majalada, kule masjala nyuma ya nondo?"

"Mimi? Ule mlango naujua kwa nje tu. Kila mwaka nauwekea riboni."

Ndipo macho yake yalipotua kwenye paji la uso la Chiriku. Tabasamu likamshuka.

"Nani kaliacha jalada la siri linarandaranda koridoni?"

"Si jalada, ni mwanangu!"

"Dada, kwa kweli naona uchungu wako. Lakini kanuni ni kanuni. Likishagongwa, linaandikwa kwenye rejista, linahifadhiwa, linangoja kibali cha Mkuu ndipo litoke. Karani, andika."

"Mkuu yuko wapi?" Fundi aliuliza.

"Safarini."

"Anarudi lini?"

Karani alikohoa. "Ratiba yake ina muhuri."

Nawe unayesoma, usicheke sana. Jiweke pale koridoni. Mtoto mmoja huwezi kutoka naye, mwingine huwezi kumfikia, na saa ya ukutani haioni haya, inakwenda tu. Fundi alitaka kupiga mayowe. Alitaka kumrukia mtu. Lakini huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka miwili amekaa darasa la jioni, mwaka huu na mtoto mgongoni, akijifunza uendeshaji wa ofisi kwa mwanga wa balbu moja, na mwalimu wake alizoea kusema hivi: ukifika ofisini usigombane na mtu, soma kilicho ukutani kwake.

Akageuza shingo. Kupitia mlango wa masjala, kanuni zilikuwa palepale. Ya kwanza alishaisoma. Akaisoma ya pili.

Akatulia ghafla, mpaka mlinzi akaogopa.

"Haya," alisema. "Mwandikeni."

Wote wakarudi masjala. Karani aliketi kwenye meza yake, akafungua rejista kubwa, akapuliza vumbi, akachovya kalamu. Alikuwa mtu anayeipenda kazi yake.

"Namba mia nne na kumi na mbili. Aina ya waraka?"

"Mtoto."

"Mto... to. Kurasa ngapi?"

"Ana miaka minane."

"Kurasa nane. Viambatisho?"

"Kofia moja," alisema Chiriku. "Na jino linalotikisika."

"Vi-wi-li. Umetoka wapi?"

"Tumboni mwangu," alisema Fundi. "Saa kumi alfajiri, mkunga anasinzia."

Karani aliandika yote kwa mwandiko wa kupendeza, polepole, akisimama kila baada ya neno kukausha wino, huku Fundi akiuma meno na kuhesabu dakika. Hatimaye karani akafika kwenye safu ya mwisho.

"Mada?"

"Maji," alisema Fundi.

Kalamu ilisimama hewani.

"Maji gani?"

"Maji ya bomba la mtaa wetu. Ndiyo yaliyomo tumboni mwake tangu mwaka jana. Ndiyo yaliyomtoa shule wiki tano. Humu ndani ya huyu mtoto, baba karani, hakuna mada nyingine."

Karani alimtazama. Akamtazama mtoto. Kisha taratibu akageuka kuitazama kanuni ya pili ukutani, japo aliijua kuliko jina la mkewe: Waraka wa siri utahifadhiwa pamoja na jalada la mada yake, usitenganishwe nalo.

"Basi anakaa na jalada la bomba," alisema. "Rafu ya tatu. La kijani."

"Sawasawa," alisema Afisa Taarifa, ambaye alikuwa akitafuta pembe nzuri ya kupiga picha na hakuwa akisikiliza.

Fundi alichuchumaa mbele ya bintiye. Akamfunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Chiriku wangu. Utaingia mle. Mimi siruhusiwi, mimi ni wazi. Nitasimama kwenye nondo, utaniona muda wote. Unaogopa?"

"Kuna panya?"

"Wanakula karatasi, hawali watoto."

"Na mimi si karatasi?"

"Wewe ni mtoto wangu. Hao watu wengine waache waandike wanachotaka."

Chiriku alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. Karani alifungua mlango wa nondo wa chumba cha majalada, akampitisha kwa heshima zote, akafunga. Kha! Ufunguo ukazunguka.

"Mtoto mwenyewe ana tabia nzuri," alisema Afisa, akikunja mkanda wa kamera. "Yuko darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Vizuri. La ta..."

Kamera ilimponyoka.

"Anasoma?"

Ndani, Chiriku alikuwa tayari amesimama mbele ya rafu ya tatu, ametoa jalada la kijani, ameketi nalo sakafuni, miguu mbele, kama mtoto aliyepewa kitabu cha picha.

"Mtoeni!" Afisa alipiga kelele. "Mtoeni haraka!"

"Kutoa waraka wa siri kunahitaji kibali cha Mkuu," alisema mlinzi, ambaye siku hiyo alikuwa hajakosea kanuni hata moja na hakutaka kuanza.

"Basi ingieni mumnyang'anye! Karani, wewe una kibali!"

Karani alishika ufunguo. Fundi akajua kwamba yote yamefika pale, kwenye vidole vya mzee mmoja. Karani aliangalia rejista yake. Akaangalia kidumu chini ya kiti chake, kidumu alichokibeba mwaka mzima bila kumwambia mtu wa mtaa wowote kwa nini.

"Waraka kusoma waraka mwenzake," alisema polepole, "sijaona kanuni inayokataza." Akautia ufunguo mfukoni mwa sweta, akafunga kifungo. "Mwanangu, soma taratibu. Herufi za ofisi zimebanana."

"Mtoto mzuri," Afisa alisema akishikilia nondo, fulana imempinda, "soma kimoyomoyo. Sawa, mama? Kimoyomoyo."

"Kimoyomoyo bado hatujafundishwa," alisema Chiriku.

Simu ya Fundi ililia mkononi.

"Saa sita hii," alisema msusi. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia ile sauti ambayo Fundi angeitambua hata sokoni. "Uji uko kwenye kikombe, umepoa. Nimpe au nisimpe?"

"Subiri."

"Analia, Fundi! Mimi si ukuta!"

"Nakuomba, subiri. Sikiliza tu." Akapitisha mkono katikati ya nondo, simu imeelekea ndani. "Chiriku, anza."

"Ri-po-ti ya u-pi-maji," mtoto alianza, kidole kwenye mstari. "Kuna maneno mengine ni magumu, Mama. Yana namba."

"Ruka. Nenda chini."

"Ukurasa wa pili una jedwali."

"Ruka, mwanangu. Nenda mwisho."

Karatasi zilisikika zikifunuliwa. Afisa alikuwa ameziba masikio yake mwenyewe. Hakuwa na kibali.

"Hitimisho," Chiriku alisoma. "Maji ya bomba hili... hayafai kunywewa na watu... hata yakichemshwa."

Hata yakichemshwa.

Fundi alishika nondo kwa mkono mwingine. Aliiona sufuria yake. Aliziona asubuhi zote alizoamka kabla ya jogoo, akachemsha, akachuja kwa kitambaa kisafi, akachemsha tena, akampa mtoto kikombe, akamwambia, kunywa yote, mama kayachemsha vizuri. Alikuwa akijisifu moyoni. Kila asubuhi alijisifu.

Simuni ikasikika sauti ya kitu kinamwagwa chini.

"Nimeumwaga," alisema msusi. Hakuwa tena na kitana mdomoni. "Anapata maziwa ya dukani, nitalipa mimi. Fundi? Umewasikia hawa wateja wangu? Wamesimama na nywele nusu. Wanauliza ripoti hiyo ni ya lini."

"Chiriku, kuna tarehe?"

"Ipo. Ni mwaka jana. Ni ile siku waliyofungua mnyororo."

Mlinzi alivua kofia yake. Karani aliketi chini, taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo. Hata Afisa Taarifa aliondoa vidole masikioni, akabaki kuishika fulana yake kifuani, juu ya yale maandishi.

"Tumemaliza," alisema Afisa. "Basi. Rudisha jalada, mtoto mzuri. Hakuna zaidi."

"Kuna zaidi," alisema Chiriku. "Hapa chini kuna mstari umeandikwa kwa mkono, kwa kalamu nyekundu."

"Huo hauhusiki!"

"Usome," alisema Fundi.

Mtoto aliinua karatasi kwenye mwanga wa balbu, akaifuata kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwanza kwa kunong'ona, midomo ikicheza, kisha akawatazama wote kupitia zile nondo na kusema:

"Wameandika: wakazi waambiwe leo."